Karanga Mfukoni mwa Baba

Kabla ya kulifua koti la baba, mimi hugeuza mifuko yake nje. Baba husahau mle rozari, vidonge, hata kipande cha sabuni. Jumamosi moja mfuko wa kushoto ulimwaga vumbi jekundu kiganjani mwangu. Nililisogeza kwenye mwanga wa mlango. Zilikuwa ngozi nyembamba za karanga zilizokaangwa, zile zinazotoka ukizisugua kwa vidole. Zilikuwa nyingi mno kuwa za siku moja.

Kwangu nyumbani karanga zilikuwa marufuku, na marufuku hiyo niliiandika mwenyewe.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Bukavu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaeleza watu namna ya kula. Naipenda. Najua kusema na mama mwenye mtoto aliyedhoofu bila kumtia aibu, na naweza kurudia jambo moja mara tano bila kupandisha sauti. Mama yetu alipofariki, baba alihamia kwangu, mtaa wa Nguba. Baadaye akaonekana ana ugonjwa wa sukari pamoja na presha, nami nikajiambia kwamba kama kuna mgonjwa mmoja katika mji huu ambaye hatanishinda, ni huyu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika orodha, nikaibandika ukutani juu ya meza ya jikoni. Sukari, hapana. Soda, hapana. Mandazi, hapana. Ugali, kipande kimoja. Mawese, kijiko kimoja. Na chini kabisa: karanga, hapana, zina mafuta mengi.

Orodha ilionekana kufanya kazi. Miezi michache baadaye daktari wa kituo chetu alilisoma daftari la baba, akalisoma tena, akaniangalia.

"Munganga, umemufanya nini muzee? Sukari yake inatulia."

Nilimweleza habari za orodha. Nilieleza kwa muda mrefu, kwa mifano. Baba alikuwa ameketi kando yangu, mikono ndani ya koti, akitazama viatu vyake. Daktari alifurahi, akaniomba niwaeleze wagonjwa wengine wa sukari, wale wanaokutana kituoni Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, jinsi nilivyomtunza mzazi wangu. Nilirudi nyumbani nimejaa kama mtungi.

Sasa nilikuwa nimeshika ngozi za karanga.

Baba alikuwa uani, ameketi juani. Nilimfungulia kiganja mbele ya uso.

"Papa, hii iko nini?"

"Iko nini kama si karanga?"

"Nani alikupa?"

"Mutoto."

Sisi watoto wake tuliobaki mjini ni wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye ana miaka zaidi ya arobaini na wajukuu wawili, lakini baba akisema mutoto, anamsema yeye. Mimi, tangu nilipovaa koti jeupe la kazi, ananiita munganga, kama anavyoitwa mtu yeyote wa hospitali.

"Umekula ngapi, papa?"

"Sikula. Nilitafuna."

Kosa hili nalijua, kwa sababu ni letu sote. Kwetu mtu ambaye hajala ugali atakwambia hajala kitu tangu asubuhi, hata kama ametafuna karanga, muhogo mbichi na ndizi mbili njiani. Cha kutafuna hakihesabiwi. Huwa nalicheka jambo hilo na wagonjwa wangu, nao hucheka. Siku ile sikucheka. Nilimwambia baba kwamba nimechoka kumpikia mtu anayekula kwa siri kama mwanafunzi, kwamba mimi ndiye ninayeamka kumpimia sukari, na kwamba mdogo wangu akitaka kumuua amuulie kwake. Hayo yalitoka kinywani mwa mwanamke anayefundisha uvumilivu.

Baba aliinuka, akaingia chumbani. Jioni nilimkuta ameshusha sanduku lake kutoka juu ya kabati na kulifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, kama alivyokuwa akifunga mizigo yake yote enzi za kazi.

"Nitaenda kukaa Kadutu kwa mutoto," alisema kwa upole. "Lakini kisha ya Alhamisi yako. Nitakaa pale mbele yako ukifundisha, sitakupatisha haya. Kisha nitaenda."

Alhamisi ilikuwa imebakiza siku tano.

Nieleze wivu huu umetoka wapi, maana haukuanza na karanga. Baba alikuwa dereva wa lori kati ya Bukavu na Kamanyola. Mimi, mkubwa, niliwekwa katika shule ya bweni kwa watawa, na wote walisema nina bahati. Mdogo wangu hakupenda shule. Kwa hiyo kila likizo, na siku nyingine zisizo likizo, baba alimpandisha kwenye lori, wakateremka pamoja zile kona za mlima wa Ngomo ambapo abiria huacha kuzungumza, mpaka joto la bonde la Ruzizi linawapiga usoni. Kamanyola walinunua karanga za kuchemsha, bado na maganda yake, wakazila kwenye kivuli cha lori huku injini inapoa. Mdogo wangu alinisimulia hayo nikiwa nimerudi na cheti changu cha kuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa nimekishika mkononi. Yeye alikuwa na karanga kwenye gauni, akanipa. Nilikataa.

Leo anauza karanga. Huzikaanga kwake Kadutu asubuhi, huzitia kwenye beseni, na alasiri hupita mitaa ya chini hadi Nguba. Mimi nikiwa kazini, alikuwa akitua beseni lake kwenye benchi la mlangoni kwangu na kukaa na baba. Majirani wote walilijua hilo.

Jumapili nilifanya jambo ambalo hadi leo linanipa haya. Nilikwenda kwenye duka lenye milango ya vioo, nikanunua kopo la korosho. Nilitaka baba ajue kwamba hata mimi naweza kumletea cha kutafuna, tena kilicho bora kuliko cha beseni. Korosho ni chakula kizuri, sikukosea hapo. Nilizimimina kwenye sahani nikaziweka mbele yake. Alikula tatu, akafuta vidole.

"Iko muzuri," alisema. "Ni ya bageni."

Kisha akaomba maji. Akayanywa, akaomba tena. Ndipo nilipoligeuza kopo na kusoma maandishi yake madogo: zilikuwa zimekolezwa chumvi. Nilikuwa nimemlisha chumvi mgonjwa wa presha ili nimshinde mdogo wangu. Niliificha sahani kabatini, nikakaa na kopo magotini.

Jumatatu baada ya kazi nilipanda pikipiki hadi Kadutu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani. Nilimkuta mdogo wangu mbele ya nyumba yake, ameketi kwenye kigoda, ungo wa karanga mbichi mapajani, anachagua. Vidole vyake vilikwenda haraka. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye doa la kijani au jeusi, zote zilirushwa kwenye shimo la takataka.

"Karibu, yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Kaa. Usikunje uso vile, batu watasema nimekukopa."

Sikukaa. "Mbona unatupa nyingi vile? Si ni hasara?"

"Hii iko na ukungu. Ukungu wa karanga unaharibu maini. Hata ukikaanga, sumu yake haitoki."

"Nani alikuambia?"

Aliinua macho kuniangalia, kwa mshangao wa kweli.

"Wewe. Ulikuya hapa ku kanisa na ile picha yako ya maini. Nilikaa nyuma kabisa, haukuniona. Ulisema karanga nzuri, kiganja kimoja kwa siku, bila chumvi, na ngozi yake nyekundu usitoe. Na usiongeze juu ya mandazi, weka pahali pa mandazi. Si uliyasema?"

Niliyasema. Niliyasema huko, na katika makanisa mengine, na kila wiki kituoni.

"Papa alikuwa ananiomba mandazi," aliendelea, akirudi kwenye ungo. "Kila siku, saa kumi. Njaa ilikuwa inamutetemesha. Na chai ya sukari kwa mama wa pale kwenye kona. Ulimukataza byote, yaya, ukamwachia nini? Mimi nikasema hapana, papa, mandazi sitoi. Nikamupa karanga. Ninamupimia kwa mukono yake mwenyewe, si yangu. Akiomba ingine, ninafunika beseni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie?" Alicheka kidogo. "Ile orodha yako ilikuwa ku ukuta. Nilisoma."

Hapo ndipo nilipokaa.

Kuna jambo ambalo sikulisema juu ya orodha. Nilipoibandika mara ya kwanza, karanga hazikuwemo. Niliziongeza siku iliyofuata, kwa kalamu ileile, baada ya kurudi mapema kutoka kazini na kuwakuta wawili hao kwenye benchi, beseni katikati yao, wanacheka. Waliponiona walinyamaza, kwa heshima tu, kama watu wanaomwona mwalimu anapita. Niliingia ndani nikaandika: zina mafuta mengi.

Mafuta zinayo, ni kweli. Lakini ningemrudisha mwanafunzi wangu darasani kama angeishia hapo. Mafuta ya karanga, kama ya korosho na ya lozi, kwa sehemu kubwa ni yale ambayo moyo unayavumilia vizuri, hasa yakichukua nafasi ya mafuta ya kukaangia mandazi. Karanga zina protini ya kujenga mwili, kitu muhimu katika nyumba ambako nyama hailiwi kila siku na sambaza, wale dagaa wa ziwani, hawapatikani kila wakati. Zina nyuzinyuzi, zile sehemu za chakula ambazo tumbo haliziyeyushi upesi, na ndiyo maana mtu aliyekula kiganja cha karanga saa kumi hafiki mezani saa moja akiwa kama simba. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari kuna faida nyingine: haziipandishi sukari ya damu kwa kasi kama mkate mweupe au chai tamu. Haziponyi ugonjwa, na vidonge haviachwi. Tena zinashibisha kwa sababu zina nguvu nyingi, kwa hiyo anayekula beseni zima atanenepa, na sukari yake itamsumbua kama mwanzo. Kiganja kimoja. Mahali pa kitu kibaya zaidi, si juu yake. Mtoto mdogo asipewe nzima maana zinaweza kumkaba. Yeye asagiwe, atiliwe kwenye uji. Na anayevimba midomo au kukosa pumzi akizila, asiziguse tena.

Haya yote nilikuwa nayajua. Hakuna hata neno moja ambalo nilijifunza Kadutu siku ile. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kulijua jambo kwa miaka, akalifundisha kwa upendo, kisha akalikataa mlangoni kwake kwa sababu ya aliyelibeba.

Siku mbili zilizofuata sikumwambia baba kitu. Sanduku lilibaki pale chini limefungwa. Nilijaribu kujiambia kwamba Alhamisi naweza kufundisha vizuri bila kutaja karanga kabisa. Nani angeuliza?

Aliuliza bibi mmoja wa mstari wa pili, mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Chumba kilikuwa kimejaa, baba ameketi mbele kabisa na koti lake, wima, kama alivyoahidi. Nilikuwa nimemaliza kuzungumzia ugali na sombe, yale majani ya muhogo, jinsi mtu anavyotia unga wa karanga ndani ya sombe, akaongeza mawese juu, kisha akashangaa kwa nini amekuwa mzito. Bibi akanyoosha mkono.

"Maman, karanga yenyewe basi? Ya kutafuna?"

Nilimwangalia baba. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua kwamba hata nikisema hapana, hatafungua mdomo. Angenisindikiza nyumbani, achukue sanduku, aende.

"Karanga ni nzuri," nilisema. "Na lazima niwaambie jambo. Sukari ya huyu muzee haikutulia kwa sababu ya orodha yangu peke yake. Mimi nilimkataza mandazi, lakini sikumpa kitu cha kushika njaa, akawa anayatafuta nje. Mdogo wangu ndiye aliyemnyima mandazi akampa karanga, kiganja kimoja kila siku, bila chumvi. Mimi nilizikataza. Nilikosea."

Kisha yule bibi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka mambo yake yawe wazi:

"Kiganja ya nani? Yangu ao ya bwana yangu? Yake iko kama sepetu."

Wakacheka wote. Mzee mmoja wa nyuma akasema basi yeye atamwazima bwana wa huyo maman. Nilingoja watulie, nikaeleza kwamba kila mtu hupima kwa mkono wake mwenyewe, na mkono ufungwe kiasi cha karanga kutomwagika. Ndipo baba alipoinuka. Alitia mkono mfukoni, akatoa karanga, akaufungua mkono mbele yao. Mkono wa dereva, mpana, na kovu la radieta iliyomwunguza.

"Hivi," alisema. "Mutoto yangu njo ananipimia. Nikiomba ingine, anafunika."

Walimpigia makofi. Nilipiga na mimi. Lakini nikisema kwamba moyo wangu ulikuwa mweupe wakati ule nitakuwa nadanganya. Nilikuwa nimesema kweli, nimejishusha mbele ya watu, na bado makofi yalikwenda Kadutu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, taratibu. Njiani nikamwambia:

"Papa, sitakuzuia kwenda. Lakini kabla hujaenda, umwite mutoto aje Jumapili anifundishe kukaanga."

"Wewe? Kukaanga?"

"Mimi."

"Basi tutaona Jumapili."

Jumapili mdogo wangu alikuja na mchanga wake mwenyewe kwenye mfuko, mchanga laini wa ziwani uliooshwa mpaka maji yakatoka safi. Nilidhani karanga hukaangwa kwenye kikaango kitupu. Alitikisa kichwa. Mchanga unapashwa kwanza juu ya makaa, kisha karanga zinazikwa humo, zinakorogwa bila kusimama, ili joto lizifikie pande zote na zisiungue. Mwishoni zinachekechwa. Mafuta hayahitajiki, wala chumvi.

"Koroga kutoka chini, yaya. Usikoroge kama unaogopa kuziamsha."

Nilikoroga. Wao wawili walikaa kwenye benchi, wakaanza habari za lori. Gurudumu lililopasuka Ngomo, mbuzi wa abiria aliyekula karatasi za mzigo. Niligeuka kusikiliza. Nilikuwa nataka kujua yule mbuzi aliishia wapi, na nilikuwa nataka wanisimulie mimi, si wasimuliane. Niliposikia harufu, upande mmoja ulikuwa umeshakuwa mweusi.

Mdogo wangu alichungulia, akaanza kutoa zilizoungua moja moja. Baba alinyoosha mkono.

"Leta."

"Papa, zimeungua."

"Kidogo tu. Leta."

Nilimpimia kwa mkono wake. Alizitafuna polepole zote, akiniangalia usoni kwa namna ambayo sikumbuki kuniangalia hapo kabla. "Iko sawa," alisema, kwa sauti ileile anayotumia akimeza vidonge. Kisha akamwambia mdogo wangu asogee, akanionyesha nafasi katikati yao. "Yule mbuzi," akaanza upya, "mwenyewe alikuwa mama mumoja wa Nyangezi..." Akanisimulia mimi tangu mwanzo.

Jioni nilisikia sanduku likirudishwa juu ya kabati. Ule ukanda wa mpira niliukuta kesho yake umetundikwa msumarini jikoni, pale ilipokuwa orodha.

Sasa tuna mpango. Mdogo wangu humletea nusu ya kiganja, huiweka mfuko wa kushoto. Mimi hukaanga Jumapili, na kila asubuhi humtilia nusu nyingine mfuko wa kulia. Ninawaeleza wagonjwa wangu kwamba nusu mbili ni kiganja kimoja, wasije wakadhani baba anakula viwili. Karanga zangu zimeanza kuwa na rangi moja, hata mdogo wangu amekubali hivyo.

Na kila Jumamosi bado nageuza mifuko. Sitafuti tena rozari. Natazama upande upi umebakiza. Jumamosi iliyopita mfuko wa kulia ulikuwa mtupu kabisa, na wa kushoto ulikuwa na karanga nne. Nilisimama nazo mlangoni, nimefurahi kupita kiasi kwa mtu wa umri wangu. Kisha nikazila.

Zilikuwa bora kuliko zangu.